Uongo wa Kalamu

Huku Endebess, ambako mto Suam ndio mpaka wetu na Uganda, kuna suali ambalo wengi hulijibu kwa huruma pasipo kulipima. Mama raia wa Kenya alijifungulia ng'ambo, kwa jamaa zake. Mtoto amekua, ataka kitambulisho. Jirani mwema amwandikia barua kwamba alizaliwa papa hapa Endebess. Je, huo ni uongo au ni hisani?

Ni uongo, na una adhabu. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, iliyoanza mwaka 1930, chamtisha kwa kifungo cha hadi miaka 3 mwenye kumpa mtumishi wa serikali habari aijuayo kuwa si kweli, ili amfanyishe lisilopasa. Sheria ya Usajili wa Watu nayo yakataza tamko la uongo katika kuomba kitambulisho. Litazameni neno hilo, aijuayo. Mzee aliyesahau mwaka hakukusudiwa. Hapa sheria ya dola na fikihi zimekutana katika nia.

Husemwa kwamba serikali haikudhurika. Labda. Adhurikaye ni yule ajaye nyuma. Karani aliyekwisha kudanganywa haamini tena barua ya mtu. Na mjane asiyejua kusoma, ambaye ukweli ndio mali yake yote, huambiwa alete hati za wazee wake, na mashahidi, na atafute nauli ya Kitale mara ya pili. Hisani ya jirani yule, mwenye kuilipa ni mjane huyu.

Tena uongo wenyewe haukuwa na haja! Ibara ya 14 ya Katiba ya mwaka 2010 yamhesabu raia wa kuzaliwa kila ambaye, siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake alikuwa raia, akiwa amezaliwa Kenya au kwengineko. Jirani amemtwika kijana hatari ya gereza ili kumpa haki aliyokuwa nayo tangu tumboni.

Wala kijana aliyetia sahihi asichokielewa si sawa na aliyekiandika hali ajua. Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, yamwelekea mwandishi mwenyewe kwa amri ya uadilifu. Na karani amfukuzaye msema kweli kwa kuwa kazaliwa ng'ambo, huyo naye awafundisha watu kusema uongo, simtoi lawamani.

Basi atakayeombwa barua ya namna hii aandike alijualo: mama ni raia, mtoto kazaliwa ng'ambo, mwaka fulani. Kisha afuatane na kijana hadi ofisini, na nakala ya ibara hiyo mkononi.