Deni la Msimulizi

Msimulizi anayemtia hofu msikilizaji wake huwa amemkopa. Amechukua utulivu wake na saa zake za usiku, kwa ahadi kwamba vyote vitarudi hadithi itakapokwisha. Je, hilo ni deni kweli, au ni namna ya kusema tu?

Swali hili huzuka tamthilia ndefu ya televisheni inapomalizika vibaya, na zile za viumbe wa sayari nyingine wanaoivamia dunia zimelizusha zaidi ya mara moja. Falling Skies, ya Marekani, ilianza kuonyeshwa mwaka 2011. Kwa misimu mitano mwalimu wa historia na wanawe watatu waliwakimbia na kuwapiga wavamizi waliowateka watoto kwa vyombo vilivyonasishwa migongoni mwao. Kila msimu adui alizidi kutisha. Ulipofika usiku wa tarehe 30 Agosti 2015, malkia wa wavamizi, aliyezuka mwishoni kabisa mwa safari, akanyonya damu iliyotiwa sumu, akafa, na majeshi yake ulimwenguni kote yakafa naye papo hapo. Wengi walioifuata tamthilia hiyo tangu mwanzo walinung'unika.

Kosa si udogo wa silaha. H. G. Wells, katika The War of the Worlds ya mwaka 1898, aliwaua wavamizi wake kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na mwisho ule ungali unasimama. Humo kiburi cha mvamizi na kiburi cha mwanadamu vyote viwili hushushwa, kwani ushindi haukuwa wa mtu. Ile sumu ya mwaka 2015 haikubeba wazo lolote ila kwamba muda umekwisha.

Wapenzi wa ushairi wanalijua kosa hili. Mishororo mitatu ikitimia mizani kisha kituo kikapungua, ubeti mzima huitwa guni. Hakuna anayesema kwamba robo tatu yake ni nzima. Naye mtunzi wa utenzi, afikapo tamati, aghalabu hutaja jina lake na idadi ya beti, kama mtu atiaye saini hati.

Lakini deni ni la nani? Na afikiriwe mtazamaji wa Mbangala, wilayani Songwe, aliyeketi kwenye benchi la kibanda umiza mbele ya nakala ambayo watungaji hawakupata hata senti moja kwayo. Hawakumjua wala hawakumwandikia. Huenda mtu akasema kwamba hana cha kudai. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kilichokopwa kingekuwa fedha. Kilichokopwa ni hofu yake juu ya watoto wale, na hofu ya Mbangala haipungui uzito kwa kuwa mbali na Boston. (Watafsiri wa filamu wa mabanda ya video, waliokuwa kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, mara nyingine walilipa kwa ndimi zao deni wasilolikopa wao.)

Kuna namna nyingine ya kuvunja ahadi. Tamthilia ya V iliyorudishwa mwaka 2009 ilifutwa Mei 2011, baada ya vipindi 22, wavamizi wakiwa wanashinda; ile ya awali nayo ilikatika mwaka 1985 bila hatima. Wengi huona hili ndilo baya zaidi. Sivyo. Hadithi iliyokatika huliacha deni likidaiwa, na mtazamaji hubaki na haki ya kuuliza kilichofuata. Mwisho wa pupa humlipa kwa sarafu bandia, kisha daftari hufungwa.

Katika mkoa huohuo wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, yupo mgeni halisi wa kutoka angani: kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye uzito wa takriban tani 16. Hakuna masimulizi ya mtu aliyekiona kikianguka. Mwanzo wake haujulikani na mwisho hauna, na bado hakuna aliyewahi kurudi kutoka Mbozi akilalamika kwamba amedhulumiwa. Kimondo hakikuahidi kitu. Wageni hukizunguka, hukipapasa, hutazama pale kilipowahi kukatwa kwa msumeno, kisha hushuka kilimani kwenda zao.