Utulivu wa Ostia Wakati wa Vita

Mwaka 387 Augustino wa Tagaste, aliyekuwa ameacha kazi ya kufundisha balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kushawishi, na kubatizwa mjini Milano wakati wa Pasaka, alifika Ostia, mji wa pwani jirani na Roma, akiwa na mama yake Monika, mwanawe Adeodatus na jamaa wachache, wakingoja chombo cha kuwarudisha Afrika. Shughuli kubwa za bandari zilikuwa zimekwisha kuhamia Portus, kaskazini kidogo, na Ostia ilibaki mji wa nyumba nzuri za watu wenye nafasi. Habari za dunia, hata hivyo, zilikuwa za kutisha: Magnus Maximus, aliyejitwalia ukaisari mwaka 383, aliivamia Italia, kaisari kijana Valentiniano wa Pili akakimbilia Thesaloniki, na wanahistoria wengi wanaona kwamba vita hiyo ndiyo iliyoikwamisha safari ya Augustino hadi mwaka uliofuata.

La kushangaza ni kwamba kitabu cha tisa cha Maungamo ya Augustino, kilichoandikwa miaka kama 10 baadaye, wakati mwandishi alipokwisha kujua vita hiyo iliishaje, hakiitaji kabisa. Kinachosimuliwa humo ni mazungumzo ya mama na mwana, wameegemea dirisha linaloelekea bustani, wakipanda kwa fikra kutoka viumbe vinavyoonekana hadi nafsi zao, na kutoka nafsi hadi Hekima ya milele. Je, ukimya huo ni ubinafsi uliovikwa joho la dini, au ni haki ya mja kuuelekeza moyo kwa Mola wake hata dunia inapotikisika?

Swali hilo wanafalsafa wa kale walilijibu kwa namna tofauti. Waepikuro, wafuasi wa Epikuro, walimshauri mwenye hekima ajitenge na siasa ili apate ataraksia, yaani utulivu wa nafsi isiyosumbuliwa na hofu. Wastoa walimtaka ashiriki, ingawa Seneka, mmoja wao, alitetea faragha kwa hoja kwamba mtu ni raia wa jamhuri mbili, ile ya mji wake na ile kubwa ya miungu na wanadamu wote, na hii ya pili huweza kutumikiwa hata na aliyejitenga. Hoja hiyo ni nzuri lakini ina mwanya, kwa maana kila mvivu aweza kudai kwamba anaitumikia jamhuri isiyoonekana, na wengi wamedai hivyo.

Kigezo kilicho imara zaidi hupatikana kwa Augustino mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipokuwa askofu wa Hippo, mji mwingine wa pwani, ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Wavandali, kabila la Kijerumani, walipokuwa wakiivamia Afrika, askofu Honoratus alimwuliza kama wachungaji wanaruhusiwa kukimbia, naye akajibu kwamba pale hatari inapowakabili wote, wanaohitaji huduma wasiachwe na wale ambao huduma yao inahitajika. Neno la msingi hapa ni dhamana. Kule Ostia Augustino hakuwa na kundi, cheo wala jeshi, na kuzunguka gatini akiulizia habari za Maximus kusingemwokoa mtu yeyote, bali kungemnyang'anya siku za mwisho za Monika, ambaye punde aliugua homa, akafariki papo hapo Ostia akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Msafiri wa leo anayekawia katika mji tulivu wa pwani, huku simu ikimletea vita vya mbali kila saa, hana sababu ya kuudhania wasiwasi wake kuwa ni huruma, maana huruma hupimwa kwa tendo; lakini akiwa na watu wanaomtegemea katika hatari hiyo, faragha yake imekwisha.

Hippo ilizingirwa na Wavandali kwa takriban miezi 14. Augustino alifariki katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa huko, tarehe 28 Agosti 430, akiwa hajauacha mji.