Nani Ameamka Kwanza?

Wengi wetu twapenda kusikia habari za mabibi wa zamani: hariri zao, udi wao, adabu zao. Si vibaya. Mambo ya kale yana mafundisho, mradi tuyasome hata mwisho.

Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1886, akiwa mjane huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, na humo twaona jinsi siku ya bibi mwungwana ilivyopita. Aliamka kwa sala ya alfajiri, akalala tena. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kutiwa manukato. Kati ya sala na sala palikuwa na chakula, kushona na maongezi. Jioni, kuzuru jamaa. Usiku alikandwa na kupepewa hata usingizi ukamchukua.

Tusimdharau. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma, si kuandika; yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Lakini mkono uliompepea ulikuwa wa mtumwa, na huyo hakutuachia kitabu. Mama yake Salme mwenyewe alitekwa utotoni katika nchi ya Wacherkesi, akauzwa. Hata hivyo, binti yake aliutetea utumwa wa kwao, akiuona kuwa ni wa upole. Ndivyo mazoea yanavyoupofusha hata moyo mwema.

Mwaka 1897 sheria iliondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Je, mazoea nayo yaliondoka?

Tazameni Dar es Salaam, toka Tandale katika Kinondoni hadi Mbagala katika Temeke. Majumba ya kisultani hayapo, lakini nyumba zenye msichana wa kazi ni nyingi. Huyo huamka kabla ya wote, akafagia uani, akachemsha chai, akawavika watoto. Jumapili jamaa yote yaenda Misa kwa nguo zilizopigwa pasi na mikono yake. Yeye abaki kulinda mlango. Naye amebatizwa kama sisi! Wala sisi mapadre tusijitoe katika hesabu hii, maana hata nyumba ya padre ina mpishi.

Kumwajiri mtu si dhambi; kazi halali ni riziki. Dhambi ni kumfanya asionekane. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yaagiza mapumziko yasiyopungua saa 24 kila juma, na Mtume Yakobo atuonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Basi, alipwe kwa wakati, mkononi mwake. Jamaa wapeane zamu, wengine Misa ya kwanza, wengine ya pili, naye apate kwenda. Na akitaka kujifunza kusoma na kuandika, asijifunze kwa siri.

Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, alijifunga kitambaa akawaosha Mitume miguu: kazi ya mtumwa. Kesho alfajiri, ndugu wapenzi, tukisikia ufagio uani, tujiulize: nani ameamka kwanza, naye atapumzika lini?