Kupona na Kurudiwa

Katika makanisa mengi ya Goma, mashariki mwa Kongo, mgonjwa aliyekatwa uvimbe wa ngozi na jeraha likafunga husimama kutoa ushuhuda, yaani kutangaza mbele ya waumini tendo la Mungu maishani mwake. Uvimbe unapoota tena, watu huulizana chinichini kama kweli aliponywa, kama imani yake ilikuwa na kasoro, au kama kuna mkono wa mtu.

Yafaa kwanza kujulikana ni nini kinachorudi. Saratani, yaani kansa, ni seli zinazozaana bila kutii mpaka, na mpasuaji huikata pamoja na ukingo wa nyama inayoonekana nzima, kwa kuwa mizizi yake hupita pale jicho linapoishia. Mzizi ukibaki, kando ya kovu huota kigaga kinachonata kwenye kitambaa cha kichwa na kutoa damu kinapobanduka, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Lakini kwa mwenye ualbino, ambaye ngozi yake ina upungufu wa melanini, yaani rangi inayoikinga na jua, kinachoitwa kurudi pengine ni uvimbe mwingine kabisa, kwani uso na shingo yote vimeungua kwa jua lilelile, nao mji huu ulio karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi hupata miale mikali kuliko pwani.

Lugha yenyewe ililiona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Kupona ni kutoka hatarini: aliyeikimbia lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 alipona, na mlima kulipuka tena Mei 2021 hakukumfanya mwongo. Mfalme Hezekia wa Biblia naye, alipougua jipu karibu ya kufa, alisali, akawekewa mkate wa tini kwa agizo la Isaya (nabii, itambuliwe, hakuidharau dawa), akaongezewa miaka 15. Uponyaji wenye kikomo ulikuwa uponyaji hata hivyo. Katika Walawi 13, kuhani huitazama alama ya ngozi, husubiri siku 7, huitazama tena, na ikienea baada ya mtu kutangazwa safi, mtu huyo hutakiwa kujionyesha upya. Kinachopimwa ni rangi, kina na kuenea kwa alama, wala imani yake haiulizwi popote.

Basi ushuhuda wa kwanza ulikuwa kweli. Hatari ni ule unaomfunga mgonjwa, asiweze kurudi hospitalini bila kuonekana amemkana Mungu, akakifunika kigaga mpaka kidonda kifikie mfupa. Katika mji uliotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, barabara, mpaka na fedha vyatosha kumkosesha mtu tarehe yake ya kuonwa, hata kabla ya hofu ya macho ya waumini wenzake. Na mchungaji angeweza, kabla mtoa ushuhuda hajarudi kitini, kumuuliza ni lini anakwenda kulionyesha tena kovu.