Mpira wa Tyubu kwenye Gia

Mwalimu alikuwa ameshastaafu baridi yabisi ilipomshika vidole. Miguu ilikuwa mizima, macho mazima, na kona za Lushoto alizijua kuliko vijana wa bodaboda. Kilichomshinda ni kile kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia katika Vitz yake ya otomatiki. Kila alipotaka kuitoa gari kwenye P ilimbidi akibonyeze kwa kidole gumba, na kidole gumba kilikuwa hakikunjiki tena.

Mjukuu wake akampeleka kwa fundi.

"Shikamoo Mwalimu. Hilo dogo tu," fundi akasema. Akachana kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungusha kwenye kichwa cha gia mpaka kitufe kikazama, akapiga fundo. Tangu hapo gia ikawa inateleza kutoka P hadi D kwa kusukumwa na kiganja. Mwalimu akalipa, akaongeza na ya soda.

Fundi simlaumu sana. Aliulizwa kitufe kitabonyezwa vipi, akalijibu swali hilo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza kitufe kimewekwa cha nini.

Gari ikiwa kwenye P, ndani ya giaboksi kuna kipande cha chuma kinachonasa kwenye meno na kuyazuia magurudumu yasizunguke. Mkono wa gia nao hushikiliwa hapo na pini, na kitufe ndicho kinachoiondoa pini hiyo. Magari mengi ya Japani yana kufuli nyingine juu yake: usipokanyaga breki, gia haitoki P. Kitufe kikifungwa kimezama, pini haikai mahali pake na kufuli zote mbili zinabaki pambo. Tena vidole visivyoweza kubonyeza haviwezi kuvuta. Breki ya mkono Mwalimu alikuwa ameiacha siku nyingi, akiitegemea P peke yake. (Wenye vidole vizima wanaofanya hivyo hivyo ni wengi, nao hawana kisingizio.)

Siku ya gulio, Soni, aliegesha kwenye mteremko, akazima injini, akashuka kununua mboga. Kijukuu chake cha kike kilichobaki kiti cha nyuma kikapitisha kikapu cha mapeasi katikati ya viti vya mbele. Kikapu kikaigonga gia, ikapita R, ikatua N. Gari ikaanza kushuka kimya kimya. Muuza viazi aliyeketi chini hakusikia gari, alisikia mayowe ya watu, akaruka. Magunia yake ndiyo yaliyoisimamisha Vitz. Mtoto alivunjika jino. Wote waliokuwepo waliona ni heri.

Na dawa ilikuwepo. Kuna vishikio virefu vinavyobanwa kwa skrubu juu ya kichwa cha gia, vyenye bapa linalosukumwa na kiganja kizima. Ukiachia, kitufe kinarudi. Mchomeleaji yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kuunda kishikio hicho, ilimradi aelezwe sharti hilo la kitufe kurudi chenyewe. Breki ya mkono nayo huongezewa bomba ili ivutwe kwa nguvu ya bega. Mwenye uwezo wa kubadili gari atazame Toyota Prius ya kizazi cha pili au cha tatu: gia yake ni kijiti kidogo kinachosukumwa kwa wepesi, P ni kitufe cha kubonyeza, na breki ya kuegesha hukanyagwa kwa mguu. Kwa mtu mwenye miguu mizima na vidole vigumu, sijui gari gani ingemfaa zaidi.

Wewe ambaye mzazi wako anaendesha gari iliyorekebishwa, ipeleke mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, zima injini. Bila kugusa breki, ivute gia kutoka P. Ikitoka, gari hiyo isiegeshwe tena popote kabla ya kurudi kwa fundi.