Je, yafaa kumcheka aliyekataliwa?

Kumcheka mtu aliyekataliwa na mpenzi wake, je, ni vyema? Wengi watajibu mara moja: La, ni ukatili. Lakini iko sinema moja ya mwaka 1915 inayotuchekesha juu ya jambo hilo, wala mioyo yetu haiwi migumu. Jina lake ni The Tramp, maana yake Mzururaji. Aliyeitunga na kuicheza ni Charles Chaplin, ambaye sisi Wakongo twamwita Charlot. Ni picha bubu, ya nusu saa tu.

Mzururaji anamwokoa binti wa mkulima mikononi mwa wezi. Anapewa kazi shambani, wala kazi haijui: anataka kumkamua ng'ombe kwa kuuvuta mkia kama mpini wa pampu! Wafugaji wetu wa Masisi na Rutshuru wangecheka hata machozi. Wezi wanarudi, anapigana nao, anapata risasi ya mguu. Binti anamuuguza, naye anadhani amependwa. Kumbe binti ana mchumba, na siku moja mchumba huyo anafika. Maskini Mzururaji anaandika barua fupi ya kuaga, anashika njia.

Tazameni neno asilolisema. Hasemi: "Damu yangu imemwagika kwa ajili yako, basi u wangu." Wema wake haukuwa mahari. Hapa kwetu Rumangabo kijana aweza kumlimia baba wa msichana na kumpasulia kuni, huku akihesabu kila jasho kuwa deni. Msichana akiolewa na mwingine, anaapa kulipa kisasi. Mtu atauliza: "Je, mali yake ipotee?" Hapana. Ng'ombe waliotolewa kwa posa, wazee wanajua namna ya kuwarudisha. Lakini moyo wa msichana haukuwamo zizini, nao haudaiwi mbele ya wazee.

Na sisi majirani? Viko vicheko viwili. Kimoja humzomea aliyeanguka, kisimani na sokoni, hata aibu yake igeuke hasira, na hasira ishike panga. Cha pili ni kile cha mwisho wa sinema. Mzururaji anakwenda zake, ametupa kisogo, mabega yamelegea. Ghafla anarusha mguu, anajitikisa, anaharakisha mwendo. Hapo twacheka pamoja naye, kwa kuwa tumeona kwamba ataishi.

Basi, kicheko cha halali hukianza aliyeumia mwenyewe. Kabla hajakianza, tunyamaze, tumpe kiti akae nasi.