Kutazama ni Bure, Kufika Ndiyo Bei

Rafiki yangu mmoja wa Njoro alienda London akarudi na picha karibu mia nne: simba wa shaba wa Trafalgar, Nelson juu ya nguzo yake, mabasi mekundu. Za British Museum zilikuwa tatu tu. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Humo ndani sikujua kama mimi ni mgeni ama ni mwenye nyumba."

Mtalii ni mtu aliyeruhusiwa kufurahia. Amelipa nauli, ameacha shida zake nyumbani, na hakuna anayemtarajia atoe hukumu. Lakini mtu wa Bonde la Ufa akisimama mbele ya lile jiwe la kukatia kutoka Oldupai, lililochongwa yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, alitazame kama nani?

Wenye makumbusho wana jibu lao, na si la kipuuzi. Wanasema vitu hivi ni vya binadamu wote. Vikikaa pamoja, kila mtu anaweza kuja kuvilinganisha, tena bila kulipa kiingilio. Kweli, kiingilio ni bure. Ila hebu tupige hesabu ya kufika huko kutoka Nakuru. Utashuka Nairobi utoe alama za vidole, upeleke taarifa za benki, uthibitishe kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani, ulipe na ada ya viza ambayo ukinyimwa hurudishiwi. Hapo bado hujanunua tiketi. Hiyo "kila mtu" yao ina mlango mwembamba sana.

Na kuna zito kuliko viza. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilitwaliwa na maafisa wa kikoloni mwaka 1902, ikaishia British Museum. Haionyeshwi, imo stoo. Kwa hiyo ile hoja ya binadamu wote kutazama haiigusi kabisa. Tena ngoma yenyewe haikuundwa itazamwe na kila mpita njia: ilikuwa ya kusikika, na kufichwa. Kuna vitu ambavyo ukivionyesha umeviharibu hata kama hukuvivunja.

Wanaoitetea taasisi husema sheria inawafunga, yaani ile ya Bunge ya 1963 inayowabana wadhamini wasitoe mali. Sawa. Lakini Bunge hilohilo mwaka 2009 lilitunga sheria ya kuwezesha vitu vilivyoporwa enzi ya Wanazi virudishwe. Kumbe fundo linafunguka! Linganisha na fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Richard Meinertzhagen mwaka 1905, alipokuja kwa mazungumzo ya amani. Zilikaa Uingereza mikononi mwa familia ya Meinertzhagen, na mwaka 2006 zikarudi Kenya. Familia ilirudisha, taasisi inasoma vifungu. Nadhani mtu mmoja huona haya, ila bodi nzima hugawana haya hiyo mpaka isibaki ya kumtosha yeyote.

Sasa mtu ataniambia: nyinyi wa Nakuru mnalilia ngoma ya Tana, na Hyrax Hill penyewe hamjakanyaga! Ukweli mtupu. Kilima kiko hapo nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo kuanzia 1937. Kuna makaburi ya kale, mashimo ya Wasirikwa, na bao lililochongwa kwenye mwamba wenyewe, vishimo vyake vikingoja kete. Matatu zinapita tu. Hata hivyo shtaka hilo silipokei lote. Shamba la shosho likilala miaka kumi bila jembe, jirani hapati haki ya kulichukua. Uvivu wa mwenye mali ni aibu yake mwenyewe, si hati ya mtu mwingine.

Kwa hiyo sisemi watu wasiende London. Waende, bwana, wapige picha na simba wote wanne. Ila wakifika kwenye lile jengo la nguzo nyingi, waulize pale mapokezi ngoma ya Wapokomo iko wapi. Watajibiwa kwa adabu kwamba haionyeshwi. Na wakiuliza kwa Kiswahili, itabidi kwanza atafutwe mtu wa kutafsiri.